Taa za Mokola

Umeme ulikatika soko la Gbagi adhuhuri, saa ambayo wanunuzi wa vitambaa hawana pa kukanyaga. Mara jenereta zikaanza kunguruma kibanda kwa kibanda, moshi ukatanda. Gbolahan Oyelami, fundi cherehani, alikuwa akivuta kamba ya jenereta yake huku akiitukana, aliposikia kicheko nyuma yake.

"Itakung'oa bega hiyo, kaka. Na haiwaki ng'o!"

Akageuka. Msichana alikuwa amevaa suruali ya kazi na fulana ya manjano, kilemba cha buluu amekifunga upande, na kwapani amebana paneli ya sola.

"Wewe unauza maneno au bidhaa?"

"Nauza jua."

"Jua la Ibadan? Hilo tunapewa bure, na limeshatubabua vya kutosha!"

"Basi nipishe nikuonyeshe linavyofanya kazi."

Aliitwa Morolake Adisa. Alikuwa ameacha kazi ya benki, mama yake akalia kama aliyefiwa, naye akaanza kutembeza taa za sola. Alasiri hiyo alipanda juu ya bati la Gbolahan, na kabla soko halijafungwa, taa na feni vilikuwa vinafanya kazi kimya kimya. Gbolahan alisimama chini ya feni, shati limevimba kwa upepo.

"Sema asante, fundi."

"Asante, injinia. Namba yako ya simu je?"

"Ya nini? Feni ikiharibika?"

"Na ikikataa kuharibika, nitakuonaje?"

Gbolahan akawa mteja wake wa kwanza, kisha mpiga debe wake. Hakuna mtu aliyepimwa kanzu pale bila kuhubiriwa habari za sola. Safu nzima ya vibanda ikanunua. Alimshonea Morolake gauni la zambarau la kuvaa akienda kuonana na wakubwa, na kila mchana alimpigia simu.

"Umekula, kipenzi?"

"Niko juu ya paa, Gbola."

"Sijauliza uko wapi. Nimeuliza umekula."

Gbolahan alipompeleka mtaa wa Mokola kwa mama yake, mjane aliyemlea peke yake, Morolake alipiga magoti kumwamkia. Mama Gbolahan akamwinua na kumkumbatia.

"Kumbe ndiye huyu aliyezinyamazisha jenereta! Karibu, mke wetu."

Morolake alifunga taa za nyumba ile kwa mikono yake, na Mama akawa anawasha na kuzima, anacheka kama mtoto.

Masika yalipoingia, Morolake alinunua betri kwa mfanyabiashara aliyeapa kuwa ni mpya. Zilikuwa kuukuu zilizopakwa rangi, na moja ilifungwa Mokola. Wakati huo alikuwa akikimbizana na zabuni ya zahanati ya wajawazito, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kuota. Simu ikalia.

"Mke wetu, taa zako zinasinzia."

"Nakuja kesho, Mama."

Kesho ikaja na mambo yake. Hakwenda.

Gbolahan akaitoa jenereta stoo. Wezi walikuwa wameiba jenereta za majirani zilizowekwa nje, na mvua ilikuwa ya kumwaga, basi akaiwasha sebuleni, akaacha dirisha wazi, akaenda Oyo kupeleka nguo za harusi. Mama akaona mvua inaingia, akalifunga dirisha. Sumu ya moshi ule humlaza mtu taratibu. Majirani walipovunja mlango, alikuwa kitini, khanga mapajani, redio bado inaimba. Wakadhani mwenyewe ndiye aliyeingiza jenereta ndani. Gbolahan hakuwasahihisha.

Morolake alipopata habari alipiga simu.

"Gbola, laazizi wangu, nimesikia..."

"Betri zako, Morolake," akasema, akakata.

Makaburini Gbolahan alimpa mgongo. Morolake alipiga simu tena na tena, mpaka namba ile ikawa haipatikani. Kibanda cha Gbagi kikafungwa. Gbolahan alikuwa amehamia Abeokuta.

Morolake alitaka kuacha biashara. Badala yake alipanda kila paa alilokuwa amefunga sola, akazing'oa betri zile mwenyewe, huku wateja wengine wakimtukana kutoka chini. Akajifunza kupima betri, na hakuuza tena hata moja ambayo haijakaa kwake majuma inawasha taa. Zabuni ya zahanati ilimponyoka. Akapata nyingine, ndogo, kisha nyingine. Mwaka wa pili alikuwa na duka mtaa wa Bodija, mafundi, na gari lenye jina lake ubavuni. Watu walisema amefanikiwa. Chumbani kwake alilala na taa zimezimwa zote, na hakumwambia mtu kwa nini.

Siku moja asubuhi Gbolahan aliingia dukani, amekonda, shati lake limekaa kama la mtu mwingine.

"Injinia."

Morolake akashika meza. "Keti."

"Sitaketi, nisije nikashindwa kusema. Jenereta ile niliiweka ndani mimi. Si Mama. Nilijua ni hatari, nikajisemea dirisha litatosha. Halafu nikakutupia wewe."

"Miaka miwili, Gbola." Sauti ilikuwa ndogo. "Miaka miwili nimemuua mama yako peke yangu."

"Najua."

"Hujui!" Akapiga meza, mafundi wakatoka nje mmoja mmoja. Alilia mpaka kilemba kikafunguka. Kisha akasema, "Mama alinipigia. Aliniambia taa zinasinzia. Nikamwambia kesho."

Gbolahan hakulijua hilo. Alikaa sasa, akafunika uso.

Walipotulia, akasema, "Nimekuja kukuomba msamaha. Na nimekuja kukuomba urudi. Nikuoe, Morolake, kama alivyotaka."

"Nimekusamehe. Na nakupenda, usidhani vingine." Alikunja kilemba mapajani, akakikunjua. "Lakini tutaishije? Taa ikififia kidogo tu, wewe utaniangalia, mimi nitakuangalia. Nyumba hiyo siiwezi."

Gbolahan alitaka kubisha. Morolake akamwahi.

"Gari lako la Abeokuta linaondoka saa ngapi?"

"Mchana."

"Basi twende ukale kwanza."

Wakaingia kwa mama muuza amala, ng'ambo ya barabara, wakaketi benchi moja. Ugali ule mweusi ulifuka moshi mbele yao, mchuzi wa maharage na mlenda juu yake. Gbolahan alinawa mikono, akabaki anautazama tu.

"We bibie," mama muuza akapaza sauti, mwiko mkononi, "mbona mumeo hali? Mnanuniana?"

Hakuna aliyemsahihisha. Morolake alichukua kipande cha nyama kwenye sahani yake, akakiweka kwenye ya Gbolahan.

"Kula," akamwambia. "Safari ni ndefu."