Wayua na Barua Isiyokuwa Yake

Wayua alitandika kitanda chake, akarudi nyuma hatua mbili akakitazama. Alikuwa na wiki tatu tu katika hosteli ya chuo mjini Machakos, na bado hakuwa amezoea. Kwao Kivaa alilala kitanda kimoja na dada zake wawili. Aliyetangulia kulala ndiye aliyepata upande wa ukutani. Hapa alikuwa na kitanda kizima. Godoro lilikuwa jembamba kama chapati, lakini lilikuwa lake.

Asubuhi hiyo ya Alhamisi alichukua beseni kwenda kuoga. Kwenye korido alikutana na Waruguru, msichana wa Yatta aliyeishi naye chumba kimoja.

"Sasa, Wayua. Umeona jina lako kwa ubao?"

"Jina langu? Kwani nimefanya nini?"

"Sijui. Enda tu usome."

Wayua alienda na beseni lake mkononi. Tangazo lilikuwa fupi. Lilisema kwamba wanafunzi wafuatao hawajathibitisha vyumba vyao. Mwisho ni kesho Ijumaa, saa kumi alasiri. Kitanda ambacho hakijathibitishwa kitapewa mwanafunzi mwingine. Jina la nne lilikuwa Wayua Mutinda.

Kivaa ni mbali. Hakuna mtu awezaye kutoka huko kila asubuhi na kuwahi darasa Machakos. Kupanga chumba mjini, nyumbani hawangeweza. Akikosa kitanda, amekosa chuo.

Alimkuta matroni, Bi Kamene, akigawa mifagio.

"Madam, mimi niko hapa tayari. Nalala hapa. Nithibitishe nini tena?"

"Ulitumiwa barua kwa email. Ingia, usome, ubonyeze pale pa kukubali. Ni hivyo tu."

"Sijaiona, madam."

"Umeangalia email ya chuo?"

"Ndiyo, madam," alisema Wayua.

Hakuwa ameangalia. Hata hakujua email ya chuo ni ipi. Lakini Bi Kamene alikuwa na haraka, na watu walikuwa wanasikiliza. Wengi wetu tumewahi kusema "ndiyo" ya namna hiyo, tukaijutia baadaye.

Sasa ni lazima nieleze kidogo mambo ya Kivaa. Pale sokoni kuna saiba, yaani duka la intaneti, yenye kompyuta moja. Mwenyewe anaitwa Masila. Mtu akitaka kuomba kazi au chuo, Masila humfungulia barua pepe. Huweka namba yake mwenyewe ya simu, kwa sababu wengi wanaokuja hawana simu, au simu ni ya jirani. Kisha huandika neno la siri la kila mtu katika daftari lenye jalada la bluu. Nusu ya Kivaa imo ndani ya daftari hilo. Barua ikifika, Masila hutuma mtu kukuita. Unakuja, unakaa mbele ya kompyuta, na barua yako iko pale inakungoja.

Masila ni mtu mwema, tena mwaminifu. Lakini kwa kazi yake hiyo, Wayua alikua akiamini kwamba barua pepe hukaa ndani ya kompyuta, kama vile nguo hukaa ndani ya sanduku.

Alimpigia Masila simu.

"Masila, ile email yangu, password ni gani?"

"Hiyo iko kwa daftari, na daftari iko kwa duka. Mimi niko mazishi huku Masinga. Jumamosi nitakuwa nimerudi."

Jumamosi kitanda kingekuwa cha mtu mwingine. Wayua akaenda kwenye chumba cha kompyuta cha wanafunzi. Kulikuwa na nafasi moja tu, pembeni. Kompyuta ilikuwa inawaka. Na alipotazama, barua pepe ilikuwa wazi tayari. Juu kabisa palikuwa na barua yenye kichwa: Thibitisha chumba chako.

Alifurahi hata akasahau kusoma jina. Akaifungua. Chini kulikuwa na vitufe viwili. Kimoja kilisema "Ninakubali". Kingine kilisema "Naomba kubadilishiwa". Akabonyeza cha kwanza. Maandishi yakatokea: Asante. Chumba chako kimethibitishwa. Jengo C, ghorofa ya tatu.

Wayua alikunja uso. Yeye alikaa Jengo A, chini. Labda wamenihamisha, aliwaza. Akarudi chumbani akaanza kufunga vitu vyake.

"Unaenda wapi?" Waruguru aliuliza.

"Nimepelekwa Jengo C."

Waruguru alikaa chini. "Jengo C si ni ya wanaume?"

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Wayua hakucheka. Alikaa kitandani, mfuko wa ndengu aliopewa na mama yake ukiwa mapajani, na kichwa chake kilikuwa kimejaa ukungu. Alikuwa amefanya alichoambiwa. Amesoma, amebonyeza. Mbona mambo yamezidi kupinda?

Ijumaa asubuhi jina lake lilikuwa bado ubaoni. Waruguru, ambaye sasa alikuwa amemwonea huruma, alimshika mkono.

"Enda pale kando ya maktaba. Si kuna ofisi ya Msaada wa Kompyuta?"

"Hiyo ni ya watu wako na kompyuta imeharibika. Mimi sina hata kompyuta."

"Nani alikuambia?"

Hakuna aliyemwambia. Kwa wiki tatu alipita mbele ya mlango ule akidhani haumhusu.

Ndani alimkuta mwanamke mwenye miwani, kikombe cha uji mbele yake. Aliitwa Linet. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wanafunzi wanapokwama.

"Karibu. Habari ya asubuhi?"

"Si mzuri, madam. Nimekwama, na sijui nimekwamia wapi."

"Hiyo ndiyo kazi yangu. Kaa chini. Anza pale mwanzo."

Wayua alieleza habari ya ubao na ya Masila. Alipofika kwenye Jengo C, alisita. Kabla hajaendelea, mlango ulifunguliwa. Kijana mmoja aliingia kwa magongo, mguu wake ukiwa umefungwa plasta.

"Madam Linet, naitwa Kimotho. Niko na shida," alisema. "Nilivunjika mguu kwa mpira. Nilikuwa niombe kubadilishiwa chumba, nipewe cha chini. Leo nikiingia kwa email yangu naambiwa nishakubali ghorofa ya tatu. Mimi sijakubali kitu."

Sasa Wayua alijua barua ile ilikuwa ya nani. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona. Na akisema, je, si watamnyima kitanda kwa kosa hilo? Alitazama plasta. Alizitazama ngazi za Jengo C kupitia dirisha.

"Ni mimi," alisema. "Nilipata email imefunguka kwa kompyuta ya pembeni. Nikadhani ni yangu. Nisamehe, ndugu yangu. Sikujua."

Kimotho alimgeukia. "Ile ya pembeni? Nilikuwa hapo. Niliamka nikaenda kula."

"Bila kutoka kwa email yako?" aliuliza Linet.

Kimotho alikuna kichwa. "Nilizima tu kioo, madam. Pengine hata hicho sikuzima."

"Basi makosa ni mawili, na kila mmoja wenu achukue lake," alisema Linet. Hakuwa na hasira. "Kimotho, kompyuta ya wote ni kama choo cha wote. Ukiingia unafunga mlango, na ukitoka unahakikisha hukuacha kitu. Kabla ya kuinuka bonyeza 'Toka'. Kisha ungoje uone ukurasa umefungwa. Nitamwandikia Bi Kamene sasa hivi kuhusu chumba chako."

Alipomaliza kuandika, alimgeukia Wayua.

"Barua pepe haikai kwa kompyuta. Inakaa mbali, na unaweza kuifungua kutoka kompyuta yoyote, hata kwa simu yako. Vinavyoifungua ni vitu viwili: anwani yako na password, yaani neno lako la siri. Umenielewa?"

Wayua alitaka kusema "ndiyo". Ulimi ulikuwa tayari. Akauzuia.

"Hapana, madam. Sasa hiyo ya Masila itaniletea barua ya chuo?"

"Swali zuri. Hapana. Ile ya Masila ni moja. Chuo kilikufungulia nyingine, na barua zote za chuo zinaenda kwa hiyo. Uko na barua ya kuitwa chuo?"

Wayua alikuwa nayo, ndani ya karatasi ya plastiki. Aliibeba kila siku. Linet aliigeuza. Upande wa nyuma, ambao hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuusoma kwa sababu mhuri ulikuwa upande wa mbele, paliandikwa anwani yake ya barua pepe ya chuo na neno la siri la kuanzia.

"Nimetembea na hii wiki tatu," Wayua alisema polepole.

"Wengi wanatembea nayo miezi mitatu. Haya, andika."

Wayua aliandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja. Barua pepe ikafunguka. Safari hii alisoma jina kwanza: Wayua Mutinda. Zilikuwamo barua kumi na moja, zote zikimngoja yeye.

"Sasa kompyuta inataka uweke neno la siri jipya," alisema Linet. "Liwe refu. Lisiwe jina lako wala mwaka wako wa kuzaliwa. Chagua maneno manne ambayo wewe utayakumbuka na mtu mwingine hawezi kubahatisha. Na pale wanapoomba namba ya simu, weka yako mwenyewe. Siku ukisahau, msaada utakuja kwa simu yako, si kwa ya Masila."

Wayua alifikiri. Akachukua kalamu, akaandika maneno manne kwenye kipande cha karatasi, akampa Linet kama alivyozoea kumpa Masila.

Linet hakuipokea. Alizungusha kiti chake, akautazama ukuta.

"Hata mimi sitaki kujua. Hakuna mtu wa ofisi hii atakayekuuliza hilo neno, si kwa mdomo, si kwa simu. Akikuuliza mtu akisema ametumwa na sisi, ni mwongo. Andika wewe mwenyewe, halafu urarue hiyo karatasi."

Wayua aliandika huku Linet akiendelea kutazama ukuta. Kisha akafungua barua ya hosteli. Jengo A, chumba cha sita, kitanda cha pili. Alisoma mara mbili. Akabonyeza "Ninakubali". Ilikuwa saa tano na robo. Machozi yalimjia, naye hakuyaficha.

Kabla ya kuinuka alibonyeza "Toka", akangoja mpaka ukurasa ukafungwa. Kimotho, aliyekuwa bado amekaa pale, alimwona akifanya hivyo na akatabasamu. Jioni hiyo naye alihamishiwa chumba cha chini.

Jumamosi Masila alipiga simu kutoka dukani.

"Nimefungua daftari. Nikusomee ile password?"

"Nisomee, niibadilishe na niweke namba yangu. Halafu ukate jina langu hapo kwa daftari, Masila. Na wengine wakija, wafundishe waandike yao wenyewe."

Masila alishusha sauti. "Unajua hata mimi hii daftari inanipatia wasiwasi? Siku ikipotea, Kivaa yote imepotea."

Likizo ilipofika, Wayua alimsimulia mama yake, Syombua, kila kitu wakipepeta ndengu. Mama alicheka sana kwa habari ya Jengo C.

"Na hilo neno lako ni gani?" aliuliza.

"Hilo siwezi kukuambia, mwaitu, mama yangu."

"Hata mimi niliyekuzaa?"

"Hata wewe."

Mama aliweka ungo chini. Alimtazama binti yake, huyu aliyelala kitanda kimoja na dada zake miaka yote.

"Sawa," alisema. "Basi hilo na kile kitanda, ni vyako."