Njumu za Kambi ya Kikuyu

Asubuhi ya Alhamisi stoo ya kambi ilikutwa nyeupe.

Kufuli lilikuwa mahali pake, zima, halina hata mkwaruzo. Dirisha lilikuwa na nondo, na nondo zote zilikuwa zimesimama wima. Ndani ilibaki mipira, pampu na koni za mazoezi. Njumu mpya za timu ya taifa ya wanawake, ambazo jana yake zilikuwa zimepangwa ukutani jozi kwa jozi, hazikuwapo hata moja. Na Jumamosi Waganda walikuwa wanakuja kucheza.

Inspekta Yudith Ndahani wa Idara ya Upelelezi alisimama katikati ya stoo, mikono nyuma, akitazama sakafu. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, mzaliwa wa hapo hapo Dodoma, na alipokuwa akifikiri alikuwa na tabia ya kuimba puani nyimbo za kwaya. Asubuhi ile aliimba ubeti mzima.

"Mwizi ninaye tayari," sauti ilisema mlangoni.

Aliyesema alikuwa Bwana Brighton, mwenyekiti wa kamati ya maandalizi. Yeye ndiye aliyekuwa ameileta timu kupiga kambi katika hosteli ile ya mtaa wa Kikuyu, na yeye ndiye aliyezinunua zile njumu. Simu ya mkononi ilining'inia kiunoni mwake, nene kama mchi. Enzi hizo simu za namna hiyo mjini zilikuwa za kuhesabika, na mwenye nayo hakuificha.

"Nani?" aliuliza Inspekta.

"Mzee Bartolomayo, mtunza vifaa. Ufunguo ni wake. Askari wa doria wameshamchukua."

"Mmekwenda kasi."

"Haya ni mambo ya soko huria, Afande. Ukilala, mwenzako anauza."

Inspekta alirudisha macho sakafuni. Alichuchumaa, akaokota kitu kando ya mlango, akakiweka kwenye bahasha. Kilikuwa kikonyo cha zabibu, kikiwa na tunda moja lililopondwa.

Msaidizi wake, Sajini Cornel, alikuwa amekwishamaliza kunyunyiza unga wa alama za vidole mlangoni. Uso wake ulikuwa wa huzuni.

"Alama zipo, Afande. Tatizo zipo nyingi. Zinatosha timu nzima na wachezaji wa akiba."

"Ufunguo huwekwa wapi?"

"Msumarini, nyuma ya mlango wa jiko. Kila mtu anaujua."

"Basi si ufunguo wa Mzee Bartolomayo. Ni ufunguo wa kambi."

Walikwenda bwaloni. Wachezaji walikuwa wakinywa uji wa uwele, na kicheko chao kilisikika tangu uani. Walipomwona Inspekta walisimama wote pamoja.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba, wanangu. Kaeni, uji usipoe."

Alipita taratibu kati ya meza. Jambo moja lilimkaa moyoni. Alikuwa amechunguza wizi mwingi tangu aanze kazi: wa mbuzi, wa mabati, wa baiskeli. Hakuwahi kumwona mtu aliyeibiwa akiongeza uji bakuli la pili huku akiimba.

Halafu akatazama chini ya meza.

Wote walikuwa wamevaa kandambili. Visigino vilikuwa na plasta. Vidole vilikuwa na malengelenge, mengine yamepasuka. Msichana mmoja alikuwa hana ukucha wa kidole gumba, mahali pake pamepakwa dawa ya zambarau.

"Jina lako nani, binti?"

"Mwanahawa, Afande. Mshambuliaji."

"Unavaa kiatu namba ngapi?"

"Nne."

"Na hizo njumu mpya ulipewa namba ngapi?"

Mwanahawa alimtazama kocha wake, Dorothea, aliyekuwa ameketi mwisho wa meza. Kocha aliinamisha kichwa, kumruhusu.

"Nane, Afande. Zote zilikuwa saba, nane na tisa. Za wanaume."

"Mlizivaaje?"

"Tulijaza pamba na vitambaa mbele. Ukikimbia, mguu unakwenda na kiatu kinabaki."

"Hamkusema?"

"Kocha alisema. Mzee Bartolomayo naye alisema, akafokewa mbele yetu. Tukaambiwa kiatu cha bure hakina namba."

"Na viatu vyenu vya zamani?"

Kocha Dorothea ndiye aliyejibu. "Ninavyo kwenye gunia chumbani. Vimechanika, lakini vinawatosha. Mwenyekiti amevikataza. Anasema televisheni itakuwapo, vitatuaibisha."

Inspekta Yudith aliitikia kwa kichwa. Alikumbuka miaka yake ya ukuruta, wasichana wachache katikati ya wavulana, na mabuti waliyopewa kutoka kwenye rundo moja. Alikuwa amepiga kwata miezi tisa na soksi nne kila mguu. Hakuna aliyewahi kumwuliza miguu yake inasemaje.

"Mwizi alijua hili," alimwambia Cornel walipotoka nje. "Njumu mpya zikipotea, gunia la Dorothea litafunguliwa. Hataki kuuza kitu huyu. Anataka mechi ichezwe."

"Kwa hiyo ni mchezaji?"

"Au kocha. Au Mzee Bartolomayo. Mwenyekiti anaweza kuwa amebahatisha."

Kituoni walimkuta Mzee Bartolomayo ameketi kwenye benchi la mahabusu, kofia magotini. Alikuwa Mgogo wa Mpwapwa, mwembamba, mwenye masikio yaliyotobolewa kimila.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbukwenyi," aliongeza salamu ya Kigogo.

"Mbukwa. Njumu ziko wapi, mzee?"

"Sijui."

"Nani kazichukua?"

"Sijui."

"Ungejua, ungeniambia?"

Mzee alifikiri kwa uaminifu. "Hapana."

"Unaweza kufungwa."

"Mke wangu ataleta mlenda. Wale mabinti wamevuja damu kwenye mazoezi kila siku mbele yangu mimi mwenye kazi ya kuwavisha. Kama aliyezichukua amezichukua kwa ajili hiyo, nitakaa hapa mpaka mpira uishe."

Inspekta alimwamini. Lakini kumwamini mtu hakumtoi mahabusu. Ilibidi apate njumu.

Alirudi kwenye kikonyo chake. Pale kambini, jioni ya Jumatano, timu ilikuwa imeletewa zabibu na mkulima mmoja mpenda mpira, Fabian wa Makutupora. Zilikuja ndani ya makreti ya mbao, na makreti yakarudi naye. Njumu za timu nzima hazibebwi kwapani. Zinataka chombo.

Mchana ule ule gari la polisi lilishika barabara ya kaskazini. Upepo ulikuwa unasukuma vumbi jekundu barabarani, na pande zote mashamba ya mizabibu yalikuwa yamejipanga kwenye nyaya zake. Fabian aliwapokea mikono ikiwa na utomvu.

"Makreti ya jana yako wapi?" aliuliza Inspekta.

"Bandani. Vibarua waliyashusha, mimi sijayagusa. Sivuni tena mpaka Jumatatu, hata mabinti niliwaambia. Wameniomba niyarudishe kama yalivyo siku ya Jumapili, wafungie mizigo ya kuondokea."

"Nani alikuomba?"

"Waliomba wengi kwa pamoja."

"Na nani alipakia makreti garini?"

"Sikuona. Nilikaribishwa chai na mihogo. Nilipotoka nje mzigo ulikuwa juu, umefungwa kamba vizuri kuliko ninavyofunga mimi. Kwani kuna nini, Afande?"

Cornel alivuta kreti la juu. Lilikuwa tupu. La pili pia. La tatu likamkatalia mikono, akaguna. Chini ya majani ya mzabibu palikuwa na gunia safi limetandikwa, na juu ya gunia njumu zimelala kifudifudi kwa mpangilio, kama samaki kwenye kikaango; makreti ya chini yake nayo yalikuwa hivyo hivyo.

Inspekta alizitoa moja moja, akichungulia ndani ya kila kiatu. Pamba. Vitambaa. Pamba tena. Kwenye kimoja, soksi ya mtoto. Nyingi zilikuwa na tope kavu la mazoezini, na nyingine doa la damu kisiginoni.

Alipofika jozi ya mwisho, wimbo wa puani ulikatika.

Jozi hiyo haikuwa na pamba. Ilikuwa imefutwa tope mpaka kwenye vijino vya soli. Ngozi yake ilikuwa imepakwa mafuta, na kamba zake zilikuwa zimefuliwa na kukunjwa ndani. Ilikuwa namba tisa.

"Aliyefanya hivi hakuzichukia hizi," alisema.

Ijumaa asubuhi aliitisha watu wote bwaloni. Makreti yaliwekwa mezani. Bwana Brighton alikaa mbele, mguu juu ya mguu, viatu vyake vya ncha vikiwaka rangi.

"Njumu zimepatikana," Inspekta alianza. "Zote. Lakini Mzee Bartolomayo bado yuko ndani. Alilala mahabusu jana, na leo atalala tena, kwa sababu jalada lina jina lake."

Uso baada ya uso ulianguka. Ilikuwa wazi kwamba hawakujua mzee amekamatwa.

"Mwenyekiti alituambia ameenda kwao," Mwanahawa alisema polepole.

Bwana Brighton alikohoa. "Sikutaka kuwavuruga."

Inspekta aliinua ile jozi safi. Hakumtazama mtu usoni. Alitazama miguu. Katika kandambili zote zile, palikuwa na miguu miwili tu isiyo na plasta: mirefu, mipana, mizima kabisa. Ilikuwa ya golikipa, msichana mrefu aitwaye Restuta, aliyekuwa ameketi karibu na dirisha.

Hakuhitaji kuuliza. Restuta alikuwa ameshasimama.

"Ni mimi, Afande. Mzee hajui kitu. Mtoeni."

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu. Wenzangu walikuwa wanakula zabibu. Nilichukua ufunguo jikoni, nikayapeleka makreti stoo, nikayajaza, nikayapakia garini."

"Mazito yale?"

"Kwetu Mpwapwa nilikuwa nanywesha ng'ombe, Afande. Nimebeba maji."

"Ulitaka kuziuza?"

"Hapana. Jumapili Fabian angerudi nayo makreti, ningezirudisha stoo. Nilitaka Jumamosi tu ipite." Alimtazama Mwanahawa. "Mwanahawa ndiye mkimbiaji wetu. Jumanne niliona anavua kiatu, ukucha ukabaki ndani. Alicheka, halafu akaenda nyuma ya bafu akalia. Nikasema, Waganda hawatatufunga. Hivi viatu ndivyo vitakavyotufunga."

"Lakini vyako vinakutosha."

"Vinanitosha."

"Basi kwa nini ukavichukua na vyako? Ungevibakiza, ukasema vilikuwa chini ya kitanda."

Restuta aliitazama jozi mkononi mwa Inspekta, na kwa mara ya kwanza macho yake yakajaa machozi.

"Tangu nizaliwe nimevaa katambuga za matairi na mabaki ya kaka zangu. Walikuwa wananitania kwamba miguu yangu ni mitumbwi. Hivi ni viatu vya kwanza kuni... kunitosha." Alijifuta pua kwa kiganja. "Nilivipaka mafuta kila jioni. Lakini ningesimamaje golini navyo, na wenzangu mbele yangu wamevaa matambara? Ningeona haya."

Mwanahawa alihama kutoka kwenye kiti chake, akachechemea mpaka dirishani, akaushika mkono wa Restuta.

"Basi amekiri," Bwana Brighton alisema, akijaribu kuurudisha ukali. "Ni wizi. Sheria ichukue mkondo."

"Sheria naijua, Mwenyekiti. Wizi ni kuchukua kitu kwa nia ya kumnyima mwenyewe moja kwa moja. Huyu alivitandikia gunia visichafuke. Ni utovu wa nidhamu, na hilo atalishughulikia kocha." Inspekta alichagua jozi kwenye kreti, akatoa pamba iliyokuwa ndani. "Wewe unavaa namba ngapi?"

"Sita. Kwa nini?"

"Hii ni tisa. Vaa, uzunguke bwalo, unioneshe timu itakavyocheza kesho."

"Mimi?"

"Ni dakika moja tu. Nikiandika ripoti yangu nataka kueleza mambo kwa haki."

Bwana Brighton alitazama huku na huku. Alivaa. Aliinuka kwa heshima zote, simu kiunoni, akapiga hatua ya kwanza. Ya pili ikaenda bila kiatu. Alijaribu kukifuata, njumu ikateleza kwenye saruji, na mwenyekiti akaenda kumkumbatia Sajini Cornel shingoni.

Kicheko kilianza kwa kocha. Kikawashika wachezaji, kikavuka mpaka jikoni. Bwana Brighton alisimama kidogo amekunja uso, kisha mabega yake nayo yakaanza kutikisika.

"Mfanyabiashara aliniambia namba za wanawake hazipo," alikiri akiwa ameketi, anajikanda kifundo. "Nikadhani miguu ni miguu. Nilikuwa nataka mpendeze. Mnisamehe, wanangu. Na yule mzee nitamfuata mwenyewe."

Alimfuata kweli. Mchana, gari lake lilirudi na Mzee Bartolomayo kiti cha mbele, kisha wote wawili wakaenda soko la Majengo na yale makreti. Wauza mitumba walipoona njumu ambazo bado ni mpya walishindana kubadilishana. Kufikia alasiri kila mchezaji alikuwa na jozi inayomkaa, nyingine nyekundu, nyingine za bluu, mbili za njano kama embe dodo. Jozi moja tu haikupelekwa sokoni.

Jumamosi, Uwanja wa Jamhuri ulifurika. Waganda walitangulia kufunga, na Restuta alipiga nyasi kwa ngumi. Kipindi cha pili Mwanahawa alisawazisha. Mechi ikielekea mwisho Restuta aliudaka mpira wa kona hewani, akautupia mbali hadi pembeni kulia, na Mwanahawa akaukimbilia. Beki wawili walimfuata, wakabaki wanatazama mgongo wake. Aliupitisha mpira kati ya miguu ya golikipa, taratibu, kama anayemkabidhi mtu kikombe cha chai.

Jukwaani Sajini Cornel aligeuka kumweleza mkuu wake kilichotokea. Kiti kilikuwa kitupu. Inspekta Yudith alikuwa ameshashuka mpaka kwenye uzio, kanga kiunoni, akipiga vigelegele bega kwa bega na Mzee Bartolomayo.