Foleni ya Duka Namba Tisa

Jumanne hiyo Syombua alitoka kwake Mugutha kama kawaida, akanywa chai na kiazi kitamu, akaongea na jirani kuhusu maji yaliyokatika, akafika Thika kabla ya saa tatu. Nayasimulia haya jinsi alivyonieleza mwenyewe. Syombua ni mtoto wa dada ya mama yangu, tumelelewa nyumba moja, na si mtu wa kutunga. Kama angetunga, angetunga hadithi inayomwacha akiwa safi.

Kazi yake ilikuwa kupangisha maduka. Kando ya uwanja wa mpira, palipokuwa na ukuta mrefu wa mawe na vibanda vya mabati, palikuwa pameinuka jumba jipya lililoitwa Mlingoti Plaza: maduka chini, ofisi katikati, na juu kabisa nyumba za kupanga zenye roshani ambapo mtu angeweza kuketi akatazama mechi bila tiketi. Syombua ndiye aliyewapokea watu, akawatembeza, akawaambia kwamba lango la uwanja likifunguliwa, umati wote utapita mbele yao. Maduka yote yalishapata wenyewe, isipokuwa namba tisa.

Na namba tisa ndilo lililokuwa zuri kuliko yote. Duka la kona, vioo pande mbili, lango kuu la uwanja liko hapo mbele. Maina, muuza simu, alikaa miezi miwili akahama. Nzioki, mwenye duka la dawa, alikaa wiki tatu, akaondoka hata bila kung'oa rafu zake. Syombua alipompigia kumuuliza, Nzioki alisema jambo moja tu.

"Dada, watu wanaingia wananivulia kiatu. Kimoja. Mimi siwezi hiyo."

Akakata simu.

Jumanne hiyo alikuja Carolyne, mama wa miaka arobaini hivi kutoka Mwihoko. Kwa miaka sita alikuwa akioka keki jikoni mwa nyumba ya kupanga, majirani wakilalamikia joto la tanuri, na sasa alitaka mahali pake.

"Ni hapa?" aliuliza, amesimama katikati ya sakafu tupu. "Haiya! Na jua linaingia hivi?"

"Asubuhi yote," Syombua akasema.

"Na huyo alikuwa hapa alitoka kwa nini?"

Hapo ndipo Syombua angesema. Aliniambia kwamba maneno yalimfika mpaka kwenye meno. Kisha akajisikia akisema, "Alipata mahali kubwa Nairobi."

Carolyne alicheka kwa furaha, akaanza kuonyesha kwa kidole: hapa kabati la kioo, pale tanuri, hapa viti viwili vya watu wa kungoja. Na wakati wote huo, bila kujiangalia, alikuwa ametoa mguu wa kushoto kwenye kiatu. Akainama, akakiokota. Akaendelea kuongea huku amekinyoosha kuelekea kona ya ndani, kama mtu anayempa mwenzake kitu.

Kwenye kona hapakuwa na mtu.

Syombua aliona. Akamletea karatasi za kutia sahihi.

Alijua kona ile ni ya nani. Kabla ya jumba kujengwa, mahali pale pale, mgongo kwenye ukuta wa uwanja, aliketi mzee Kimeu, fundi wa viatu. Miaka ishirini na saba. Wachezaji walimletea njumu zilizopasuka, watu wa Makongeni wakamletea viatu vya kanisani na buti za kazi. Ukifika kwake ulivua kimoja, ukaketi kwenye benchi na mguu mmoja mtupu, ukangoja zamu. Cha pili hakukitaka. Alisema mwenye kiatu kimoja hatoroki.

Wenye jumba walikuwa wamekubaliana na wafanyabiashara wa ukuta ule kwamba vibanda vikibomolewa, wao ndio watakaopewa maduka kwanza, mradi kila mtu arudishe fomu yake kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Kimeu alirudisha yake Alhamisi. Alikuwa ameifunga kwa gazeti isishike rangi ya viatu. Alimpa Syombua mkono kwa mkono, na kwa vile wote wawili ni watu wa upande wa Matuu, akamwita mwana wakwa, mwanangu. "Nishikie hii kama yai," akasema.

Jioni hiyo meneja, Bwana Waweru, alipekua zile fomu. "Huyu anataka namba tisa? Fundi wa viatu, kona ya mbele kabisa? Wageni wapokelewe na harufu ya gundi?" Aliirudisha mezani kwa ncha ya kidole. "Syombua, hii mimi sijaiona."

Akatoka. Hakumwambia afanye lolote. Hilo ndilo lililomsumbua Syombua baadaye, kwamba hakuna aliyemwambia. Aliiweka fomu kwenye droo, na Jumatatu akaipiga muhuri wa Jumatatu.

Mzee alipokuja kuuliza, akaambiwa alichelewa. Hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Nilileta siku gani?"

"Jumatatu, mzee. Si uone muhuri."

"Wacha muhuri. Wewe niambie. Nilileta siku gani?"

Syombua aligeukia kompyuta, akaitazama mpaka aliposikia mlango ukifungwa.

Kimeu alirudi kwenye chumba chake Makongeni, akakaa bila kazi. Hakumaliza mwaka. Habari ya kifo ililetwa na Odhiambo, askari wa lango, na wafanyakazi walipopanga safari ya mazishi, Syombua alisema ana homa. Hakuwa na homa.

Basi Carolyne akafungua duka lake la keki. Wiki ya kwanza hakusema kitu. Ya pili alimwuliza Syombua, kama kwa mzaha, kama sakafu ile ina joto, maana wateja wake wanapenda kuvua viatu. Syombua alicheka. Kicheko kile, aliniambia, bado anakisikia.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na mechi kubwa. Saa kumi alasiri, jua kali, simu yake ikalia.

"Kuja," Carolyne alinong'ona. "Kuja sasa hivi. Na usipige kelele ukiingia."

Uwanja ulikuwa umefurika. Ngoma, vuvuzela, miguu ikipiga mbao za jukwaa mpaka vioo vya Mlingoti vikatetemeka. Syombua alijipenyeza katikati ya watu, akasukuma mlango wa namba tisa, akaingia.

Kelele ikakatika.

Haikupungua. Ilikatika. Kupitia kioo aliwaona watu wakiruka, midomo wazi. Hakumsikia hata mmoja.

Ndani walikuwa watu kumi na wawili hivi. Walikuwa wameketi sakafuni, migongo ukutani, foleni moja iliyozunguka duka zima. Mwanamume mwenye jezi. Wasichana wawili wa chuo. Mama aliyebeba mtoto mgongoni. Kila mmoja mguu mmoja mtupu. Kila mmoja kiatu mkononi. Macho yote kwenye kona.

Mtoto wa mgongoni hakulia. Naye alikuwa amevuliwa soksi moja.

Carolyne alikuwa amejibanza nyuma ya kabati la keki. "Wako hivyo tangu mpira uanze," alinong'ona. "Hawanisikii. Syombua, hii duka iko na nini?"

Ndipo wakaisikia.

To. To. To.

Nyundo ndogo, juu ya ngozi.

Wa mbele alinyoosha kiatu chake. Akakiachilia. Kiatu hakikuanguka. Kilikaa hewani, kikageuka taratibu, unyayo juu. To. To. Kikarudi mkononi mwake. Akasogea kando. Foleni nzima ikasota mbele nafasi moja, wote kwa pamoja, bila neno.

Mwisho wa foleni, karibu na mlango, palibaki nafasi ya mtu mmoja.

Syombua hakumbuki kuamua. Anakumbuka baridi ya sakafu chini yake. Anakumbuka mkono wake ukivuta kiatu. Foleni ikasogea. Ikasogea tena. Alijaribu kumwita Carolyne, ulimi ukamlalia. Ikasogea. Mbele yake hapakubaki mtu. Ilibaki kona.

Harufu ya gundi. Harufu ya nta. Harufu ya ugoro.

Vidole vilichukua kiatu mkononi mwake. Vilikuwa vikavu, vigumu. Vilikuwa na joto. Kiatu kikawekwa chini, kando.

Hakikuwa ndicho kilichotakiwa.

Vidole vikamshika mguu.

"Nilileta siku gani?"

Sauti haikuwa na hasira. Ilikuwa karibu sana. Na kinywa cha Syombua, kwa mazoea yake, kikajibu, "Mzee, muhuri..."

Kitu chenye ncha kikaingia kwenye unyayo. Kikatoka upande wa pili.

"Nilileta siku gani?"

"Alhamisi!" alilia. "Ulileta Alhamisi. Niliipokea na mikono yangu. Niliificha mimi. Hukuchelewa, mzee. Mimi ndiye niliyesema uongo."

Alisema kwa sauti, mbele ya watu wote. Akarudia. Akarudia mpaka sauti ya uwanja ikamwagikia ndani kama maji ya bomba lililopasuka. Bao lilikuwa limefungwa.

Watu wakatazamana. Mwanamume wa jezi akacheka kwa aibu, akavaa kiatu chake, akasema hata hajui ameketi saa ngapi. Yule mama akamfunika mtoto mguu, akauliza kama kuna keki ya ndizi. Hakuna aliyekumbuka chochote. Ila Carolyne alikuwa amesikia kila neno.

"Ulijua," alisema. Hakunong'ona tena. "Siku ile uliniona nikitoa kiatu. Ulijua, na ukaniletea kalamu."

Syombua aliinuka sakafuni. Alichukua kiatu chake, akatoka akichechemea.

Jumatatu aliandika barua, akaeleza fomu ilivyofika na nani aliipiga muhuri, akawapa nakala wafanyabiashara wa zamani wa ukuta. Bwana Waweru aliisoma amesimama, akamwambia aache ufunguo mezani. Siku hiyo hiyo Syombua alishika njia ya Makongeni kumtafuta Nduku, binti wa Kimeu. Alimkuta akianika nguo. Alimwambia yote palepale kwenye kamba, bila kuketi.

Nduku alisikiliza mpaka mwisho, shuka iliyolowa ikimdondokea maji miguuni.

"Alikuwa ananiuliza mimi," alisema hatimaye. "Mpaka siku ya mwisho. 'Nduku, si nilipeleka Alhamisi?' Tukafikiri kichwa kimechoka. Nikamshika mkono, nikamwambia, baba, ni kusahau, usijisumbue." Akatazama pembeni. "Alikufa akiamini alisahau. Na ni mimi nilimwaminisha. Hiyo sasa nitaenda kumwambia nani?"

Hakumtukana. Hakumkaribisha ndani. Aliendelea kuanika, na Syombua akasimama hapo mpaka alipoelewa kwamba hana ruhusa ya kulia mbele ya yule mwanamke.

Duka namba tisa limetulia. Wateja wanaingia na viatu vyote viwili, na siku za mechi keki huisha mapema. Carolyne hajaweka kitu kwenye ile kona, wala hamsalimii Syombua wakikutana.

Syombua sasa anafanya kazi ya karani katika shule moja Ruiru. Mwezi uliopita nilikwenda kumtembelea, akavua soksi akanionyesha unyayo wa kushoto. Nimeuona mimi, kwa macho yangu, mchana. Kuna mstari wa matundu madogo kuzunguka mguu mzima, kutoka kisigino hadi kidole gumba, yamepangana sawasawa kama ya mashine. Hayatoi damu wala hayaumi. Muuguzi wa zahanati alimwuliza ni hospitali gani ilimshona, na kwa nini uzi hawakuutoa.

Nilipapasa kwa kidole. Uzi haupo.

Lakini alipotumbukiza mguu ule kwenye beseni la maji nikiwa nimeketi pale, nyama ilikunjamana yenyewe, tundu moja baada ya jingine, na Syombua akauma midomo. Kuna mtu alikuwa akiukaza ule uzi.