Meza ya Swabra kule Gitega

Chupa ya pili ilikuwa imepungua.

Mahmudu aliitazama, akaangalia pembeni, akaitazama tena. Ilikuwa Fanta ya chungwa, imewekwa mbele ya kiti kitupu, na yeye alikuwa ameionja funda moja tu. Sasa ilikuwa imeshuka hadi nusu. Mrija ulikuwa ukitikisika, kisha ukatulia.

Alikuwa peke yake mezani, katika bustani ya mkahawa mmoja wa Gitega, mtaa wa Shatanya, jua likiwa ndiyo kwanza linazama. Kitambaa cha meza kilikuwa chekundu, na mshumaa ulikuwa ndani ya glasi. Wanaume wenye akili zao hawaendi mahali kama pale peke yao, na Mahmudu alilijua hilo. Lakini mkahawa haukuwa chaguo lake. Ulichaguliwa na mkewe, na mkewe alikuwa kaburini Muyinga, arobaini yake imekwisha majuzi.

Ngoja niwaeleze Swabra alivyokuwa. Aliuza sambusa pale Muyinga kwenye kituo cha magari yanayokwenda Gitega kwa njia ya Karuzi, na hakuna abiria aliyeshuka pale bila kuhojiwa. Ulilala hoteli gani? Maji ya kuoga yana moto, au wanakudanganya tu? Dirisha linaangalia nini? Na chakula, wanatandika kitambaa? Watu walimcheka, wengine walimjibu ili awaongezee pilipili. Jioni alirudi na habari zake, akamweleza mumewe aliyekuwa ameinama kwenye cherehani. Ile hoteli ya karibu na soko ameifuta, ina kelele. Ile ya Magarama ina kibaraza kinachotazama vilima. Mkahawa wa Shatanya unaweka meza ya watu wawili chini ya mti, na mshumaa juu. Basi ikawa hivyo: kulala Magarama, kula Shatanya. Katika ndoa yao yote hawakuwahi kulala pamoja nje ya nyumba yao.

"Tutaenda baada ya Idi," Mahmudu alikuwa akisema. Baada ya Idi zikaja sare za shule za kushona. Baada ya sare, mafuta ya magari yakaadimika. Siku moja asubuhi Swabra aliinama kuwasha mkaa, presha ikampanda, hakuinuka tena.

Alikuwa na tabia moja ambayo mtaa mzima uliijua. Wifi yake, Kulthumu, akija kumtembelea, Swabra alimsindikiza mpaka mlangoni kwake. Wakifika, Kulthumu naye anasema haiwezekani mtu arudi peke yake, anamsindikiza Swabra kurudi. Hapo Swabra anamsindikiza tena. Ugali uliungua jikoni mara nyingi kwa sababu ya wanawake hao wawili, na Mahmudu alinuna kwa mdomo huku moyoni anacheka.

Sasa alikuwa Gitega, amekuja kutimiza ahadi kwa mtu asiyekuwepo. Aliagiza brosheti, yaani mishikaki ya mbuzi, ndizi za kukaanga na Fanta mbili. Mhudumu, Bonifasi, kijana aliyekulia Tanzania katika kambi ya wakimbizi, alisita na kifungulio mkononi.

"Mzee, hii ya pili nisubiri mwenyewe afike ndiyo nifungue?"

Aliuliza kwa adabu, maana Burundi nzima kinywaji hufunguliwa mbele ya macho ya mnywaji. Na aliyekualika huonja kwanza, ujue hakuna sumu ndani.

"Fungua tu," Mahmudu alisema.

Bonifasi alipoondoka, Mahmudu akaichukua ile chupa ya pili, akaionja, akaisogeza mbele ya kiti kitupu. "Karibu, Mama Yasmina," akasema, na machozi yakamtoka. Hakukusudia lolote. Ni uchungu tu uliosema. Lakini neno la kukaribisha lilikuwa limetamkwa, kinywaji kimeonjwa, na kulikuwa na aliyekuwa akisikiliza.

Hotelini Magarama alipanda ngazi na ufunguo mkononi, akajiambia kwamba soda imepungua kwa sababu ya nyuki, au yeye mwenyewe ameinywa kwa kuchanganyikiwa, na alikuwa amekwisha kuamini hivyo alipofungua mlango akasikia maji yakimwagika bafuni, polepole, kama mtu anavyojimwagia kwa kikombe, akasikia na ndala zikiburuzwa kwenye sakafu iliyolowa, ndala ya kulia ikiburuzwa zaidi, vile vile alivyoburuza mtu mmoja tu duniani, na ile harufu ya mafuta ya nazi ya nywele ikamjia, na chini ya mafuta ya nazi harufu nyingine, ya chumba kilichofungwa miaka mingi bila kupitiwa na upepo, akakaa kitandani na viatu vyake.

"Baba Yasmina," sauti ilisema kutoka bafuni, chini kwa chini. "Maji iko moto kweli. Ule mama wa gari la Karuzi hakunidanganya."

Mtu mwingine angekimbia hadi barabarani. Mahmudu alitaka kukimbia, mwili ulikuwa tayari, vinyweleo vimesimama. Ila alikuwa hajaisikia sauti ile tangu siku ya mkaa.

"Ni we?" akanong'ona.

"Si ulisema karibu?"

Akalia kwa furaha, na hiyo ndiyo furaha iliyomponza.

Siku zilizofuata walitembea Gitega pamoja. Mwanzo alimwona kwenye vioo vya maduka tu, kitenge chake cha bluu nyuma ya bega lake. Kisha akamwona waziwazi, amekaa upande wa pili wa meza, mkono wa kulia wenye ile alama ya kuungua na mafuta ya sambusa umepumzika juu ya kitambaa. Mahmudu aliagiza vya watu wawili, akaonja kwanza, akamsogezea. Chakula hakikuonekana kikiliwa, lakini kilipoa ghafla, na nyama ikabaki kavu kama gome. Bonifasi aliziondoa sahani kwa ncha za vidole.

"Mzee," alinong'ona siku ya mwisho, "naomba usikasirike. Unaongea na nani?"

"Na mke wangu."

Bonifasi alikitazama kiti. Akafanya ishara ya msalaba, na bili ikaletwa na mwenzake.

Mahmudu hakujali. Alikwisha kugundua kwamba chakula hakina ladha mdomoni mwake, hata chumvi, akaona ni bei ndogo. Alirudi Muyinga na mgeni wake. Akatandaza mkeka wa kulia chakula, akaweka sahani mbili, akaonja, akasogeza. Sare za watu zikalala bila kushonwa. Mashavu yakamwingia ndani.

Kulthumu aliingia mchana mmoja bila hodi, kama dada mkubwa anavyoingia. Akaona sahani mbili. Akasikia ile harufu, akaziba pua kwa ncha ya kitambaa cha kichwani.

"Mahmudu, iko nani humu ndani?"

"Hakuna mtu, dada."

"We unakula na nani?"

Mahmudu alifunika sahani ya pili. Ndala ziliburuzwa chumba cha ndani, zikasimama nyuma ya pazia. Pazia likavutwa kwa ndani kidogo, kama pazia linavyovutwa na mtu anayevuta pumzi karibu nalo. Kulthumu aliliona, lakini hakutoka. Akamshika ndugu yake uso kwa mikono miwili.

"Bon, haya. Niambie kitu kimoja tu. Swabra aliungua mkono gani?"

"Wa kulia," Mahmudu alijibu bila kufikiri. "Kila siku nauona."

Kulthumu akaanza kulia. "Mi ndiye nilimuosha, ndugu yangu. Nilimuosha na mikono yangu hii, nikamvika sanda. Ile alama iko mkono wa kushoto."

Mahmudu alijaribu kukumbuka mkono wa kushoto. Aliutafuta katika miaka yote, Swabra akikoroga, Swabra akimfunga binti yao Yasmina nywele, na kila alipotazama, mkono ulikuwa wa kulia. Hapo ndipo alipoogopa kweli.

Walikwenda kwa Maalim Sefu, fundi wa baiskeli kwenye njia ya Gasorwe, ambaye alasiri akishaosha grisi huwasomea watu dua. Hakuwa mzee, na hakuwa mpole. Aliwasikiliza huku akikaza spoki za gurudumu.

"Mi siwezi kumtoa kwa kusoma tu," alisema. "Hakujiingiza. We ulimkaribisha, ukamwonjea. Mgeni wako utamtoa mwenyewe."

"Ni nani?" Kulthumu aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni mwenzake Swabra. Kila mtu anazaliwa na wake, jini wa kumfuata. Mtu akifa, yule anabaki, hana pa kulala. Zile hoteli zote alizisikia, kila jioni, hapo kwenye bega la mke wako. Alingoja naye." Akaliweka gurudumu chini. "Mahmudu, nisikilize vizuri. Kila sahani unayomwonjea, anakula na kitu cha Swabra kutoka kichwani kwako. Amekula mkono. Atakula sauti, atakula uso. Mwisho utabaki na huyu tu, na yule wa kaburini hatakuwa na mume wa kumkumbuka. Unataka hivyo?"

Mahmudu alitikisa kichwa.

"Basi msindikize, vile tunasindikiza mgeni. Umuage kwa heshima, lakini usimwambie karibu tena. Ukigeuka, usiangalie nyuma, na usome Ayatul Kursi mpaka mlango wako. Akikuita, usimungoje."

Mahmudu aliondoka baada ya swala ya alasiri, njia ya Gasorwe. Kulthumu alibaki mlangoni, ubani ukifuka kwenye chetezo. Mahmudu alitembea upande wa kushoto wa barabara na kulia kwake ziliburuzwa ndala. Watu walikuwa wakirudi na baiskeli zilizobeba mikungu ya ndizi.

"Habari zenu," mmoja alimsalimu akipita.

Mahmudu akaitikia, kisha akatambua kwamba amesalimiwa kama watu wawili.

"Twende wapi leo?" sauti iliuliza. "Watu wanasema iko hoteli moja Ngozi, iko na bustani."

Walipita nyumba za mwisho, wakafika penye daraja dogo na mikaratusi. Alisimama.

"Mama Yasmina, mi naishia hapa."

Majani ya mikaratusi yaliacha kutikisika, upepo ungali ukivuma kwenye mahindi ng'ambo ya barabara.

"Unaishia hapa?"

"Ego, naishia hapa. Ulikuja ukanitembelea. Asante."

"Nilifanya kitu kibaya?"

"Hapana," Mahmudu alisema. "Kosa ni langu. Ningekupeleka zamani, ukiwa hai, kabla ya Idi, kabla ya sare. Ningefunga cherehani siku mbili tu. Hata dunia isingejua."

"Gitega ilikuwa nzuri," sauti ilisema. "Kitambaa kilikuwa chekundu kweli. Merci."

Alikuwa analia wazi sasa, mwanamume mzima barabarani, na mpita njia mmoja akavuka upande wa pili ili asimwaibishe. Maneno ya "karibu tena" yalimjaa kinywani kwa mazoea ya miaka yote. Aliyameza.

"Nenda salama," alisema.

Akageuka. Akaanza kutembea kurudi mjini, macho mbele, midomo ikisoma. Hatua zake zilikuwa peke yake. Alisikiliza, na kweli zilikuwa peke yake, hakuna ndala, na ile harufu ikabaki nyuma, na hewa ikawa na moshi wa kuni na vitunguu vya watu wanaopika, na mdomoni, kwa mara ya kwanza tangu Gitega, alionja chumvi ya machozi yake mwenyewe. Akaiona nyumba yake kwa mbali. Kulthumu alikuwa amewasha taa.

Ndala zikaburuzwa nyuma yake.

"Baba Yasmina, ngoja basi. Haiwezekani mtu arudi peke yake. Na mi nikusindikize kidogo."

Midomo yake ikasimama katikati ya aya. Kitu kilichokuwa kimeliwa kikamrudia chote kwa mara moja: Swabra na Kulthumu wakienda na kurudi katika vumbi la jioni, wakicheka, moshi wa ugali ukitoka dirishani, yeye akipiga kelele kwenye cherehani, na Swabra akimpungia aache kelele, kwa mkono wake wa kushoto, wenye alama.

Alijua afanye nini. Aya ilikuwa kwenye ulimi, mlango haukuwa mbali, na dada yake alikuwa amesimama pale akimngoja.

Mahmudu akapunguza mwendo.