Hirsi ya Kobalti

Sanduku lilikuwa wazi, na ndani hamkuwa na kitu.

Lilikuwa sanduku dogo la madini ya risasi, zito kama mgeni asiyeaga. Lilikaa stoo, katika kambi ya wachimba visima nje kidogo ya Garissa. Ulikuwa Februari 1967. Injinia Mendes, Mgoa mwembamba aliyesimamia kambi, alilitazama akiwa amesimama hatua kumi nyuma.

"Kimeibwa nini?" Inspekta Mwadime aliuliza.

"Kijipipa cha chuma, urefu wa kidole, kinang'aa kama fedha. Ndani yake mna kobalti. Tunakiteremsha kisimani, miale yake inatuambia mwamba wa chini ukoje."

"Nani angekitaka?"

"Mwenye akili timamu, hakuna. Ukikivaa mwilini siku mbili, umekwisha."

"Ulikiona lini mara ya mwisho?"

"Siku kumi na mbili zilizopita."

Jeshi lilikuwa na jibu lake tayari: shifta, wale waasi wa mpakani, wanaunda bomu la atomiki. Luteni mmoja alishaliandika kwenye ripoti, tena kwa herufi kubwa. Mwadime, Mtaita aliyekaa Garissa miaka minne, hakujisumbua kubishana naye. Shifta aliowajua yeye walitembea kwa miguu na bunduki kuukuu. Atomi wangeichemshia wapi, kwenye birika?

Kufuli halikuvunjwa. Ufunguo ulining'inia jikoni kando ya mkebe wa chumvi.

Wafanyakazi sita walipangwa mstari. Konstebo Keinan, kijana wa hapo hapo Garissa, akawapitishia kipima miale mmoja baada ya mwingine. Mashine ilitoa mlio mmoja mmoja wa uvivu. Alipomfikia Ogle, mpishi, haikubadilika.

"Wote wasafi, afande."

"Hiyo haina maana," Mendes alisema. "Mtu akiota moto hageuki kuwa moto. Miale inapita mwilini, inaunguza, inakwenda zake. Mashine itakionyesha kijipipa, si mwizi."

Mwadime alikuwa anatazama vidole vya Ogle. Ncha zote kumi zilikuwa nyekundu, zimevimba malengelenge.

"Ogle, umeungua?"

"Sufuria, afande. Mimi kazi yangu moto."

"Sufuria gani inaunguza vidole kumi sawasawa?"

"Kubwa," Ogle alisema, na Keinan akacheka kabla hajakumbuka kwamba yuko kazini.

Wakamwingiza ofisini: meza, viti vitatu, feni iliyokufa.

"Ulikichukua?"

"Wallahi, sijui hata mnatafuta nini."

"Una jamaa porini? Shifta?"

"Nina ngamia wawili porini. Kama hao ni shifta, wakamate."

"Mke?"

"Kaaha. Ameletwa jana kutoka Balambala. Serikali imesema watu wote wakae manyatta, ndani ya ua, chini ya askari. Ana mimba ya miezi minane."

"Ulimwona?"

"Jana jioni. Nikampelekea sukari."

Mwadime angeweza kupiga meza. Badala yake aligeuka. "Injinia, mweleze huyu hicho kitu ni nini. Polepole. Hapa tuna siku nzima."

Mendes alimkodolea macho. Siku nzima hawakuwa nayo, na wote wawili walijua. Akavuta pumzi.

"Kila kitu, Ogle, hata hii meza, kimeundwa kwa atomi. Atomi ni kama zizi. Katikati wamebanana ngamia, wa aina mbili: protoni na neutroni. Hicho ndicho kiini. Mbali huko nje mbwa wanazunguka, ndio elektroni."

"Mbwa," Ogle alisema kwa adabu.

"Zizi likiwa na ngamia wa kutosha, limetulia. Hii kobalti, ngamia wamezidi. Hawatulii. Kiini kinajipanga upya, na kila kinapojipanga kinarusha kitu nje. Hakichoki. Baada ya miaka mitano bado nusu yake inarusha."

"Inarusha nini?"

"Miale. Mingine, ile ya alfa, hata karatasi inaizuia. Ya beta, bati jembamba. Lakini gama inapita nguo, inapita nyama, inapita mfupa. Inavunja mwili ndani kwa ndani. Na mwili unaokua ndio unaoumia zaidi. Mtoto tumboni..."

"Na ngozi?" Ogle alikatiza. "Ngozi ya mbuzi haizuii?"

Keinan aliacha kuandika.

"Nani ametaja ngozi?" Mwadime aliuliza taratibu.

Ogle alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Afande, twende. Twende sasa! Nimekishona ndani ya hirsi, hirizi ya ngozi. Niliifukia mchangani mpaka aje, jana nimempa Kaaha aifunge tumboni!"

Lendirova iliruka mashimo mpaka lango la manyatta. Keinan alimfokea askari wa zamu kwa Kisomali hata lango likafunguliwa kabla karatasi hazijasomwa. Mendes alikimbia na kipima miale mkononi. Kilianza kulia, kikaongeza, kikafululiza kama mvua ya mawe juu ya bati.

Kaaha alikuwa mlangoni pa kibanda chake, anakamua mbuzi.

"Hirsi iko wapi?" Ogle alipiga kelele. "Tumboni?"

"Tumboni kwa nani?" Kaaha alishangaa. Akaonyesha ua wa miiba, hatua kumi na tano kutoka pale. "Nimeitundika kule tangu jana. Hirsi haivaliwi kabla shehe hajaisomea, na shehe anakuja Ijumaa. Umesahau dini, wewe?"

Mendes alikitoa kijipipa kwa koleo ndefu na kukitia kwenye sanduku la risasi walilokuja nalo garini. Mlio ukafa.

"Kwa nini, Ogle?" Mwadime aliuliza. "Fedha ya kweli iko tele sokoni."

"Tumezika watoto watatu, afande. Shehe amesoma, daktari amedunga sindano, wamekufa tu. Nikamwona injinia, mtu wa vitabu, anakishika kile kitu kwa koleo, anakifungia, anarudi nyuma. Nikasema, kinachoogopwa na mtu kama huyu, hata jini atakiogopa." Akamgeukia Mendes. "Mtoto?"

"Umbali ukizidi mara mbili, miale inabaki robo. Hatua kumi na tano, usiku mmoja." Mendes alifuta jasho. "Nadhani amepona."

"Unadhani?"

"Nadhani."

Ogle alikaa chini mchangani. Mwadime akatoa pingu.

"Subiri," Kaaha alisema, bila kumwomba. Akamimina maziwa kwenye kikombe na kupiga magoti mbele ya mumewe. "Mtu haondoki kwangu na njaa."

Mwadime alitazama saa yake.

"Dakika tano," alisema.