Matandiko ya Vinyoka

Asubuhi ile Omer Tshilombo alisafisha sanduku la vinyoka kama kawaida yake. Vilikuwa vitoto vya nyoka wa nyumbani, wale wa kahawia wasio na sumu. Mkewe Godelieve ndiye aliyekuwa ameokota mayai yao kwenye rundo la majani makavu, akayahifadhi karibu na jiko, akafa kabla hayajaanguliwa. Omer, mwalimu wa biolojia, aliapa kwamba hivi havitakufa.

Matandiko ndiyo yaliyomsumbua. Mchanga wa Kolwezi umejaa vumbi la migodi, nao huozesha vinywa vya vinyoka. Maranda ya mbao mbichi huvikaba pumzi. Magazeti yangefaa, lakini mwaka ule mgodi wa Mashamba ulikuwa umezimika, watu wa Kasai walikuwa wakifukuzwa na kurundikana stesheni, na magazeti hayakufika tena. Macho ya vinyoka yalikuwa yameanza kuwa meupe kama maziwa, dalili kwamba karibu vitajivua gamba. Vilihitaji kitambaa chenye unyevu. Omer akachukua kitenge cha Godelieve, akakikata vipande.

Kwao Kasai nguo za mke aliyekufa hurudishwa kwa nduguze zikiwa nzima, nao ndio huzigawa matanga yakiisha. Omer alilijua hilo. Alijiambia ni kitambaa tu.

Mchana akaja Bilonda, mdogo wa marehemu, vumbi la stesheni miguuni.

"Shemeji, treni iko naenda leo. Leta bitu bya yaya Gode, twende naye kwetu."

Ng'ambo ya ua, jirani Kabamba, aliyekuwa akiingojea nyumba ile ibaki tupu, akacheka. "Tata profesa! Na banyoka yako ni ba Kasai? Bapande treni nabo!"

Bilonda alikuwa amekwisha kuona ndani ya sanduku.

"Umekata," akanong'ona.

"Nitakununulia kingine."

"Hapana kingine. Kama hata kipande kimoja kinabakia huku, yaya naye anabakia. Atabakia na nani, shemeji?"

Omer akavihamishia vinyoka kwenye beseni, kimoja kimoja. Vilikuwa baridi, kama nyoka walivyo. Vitambaa vilivyokuwa chini yao vilikuwa na joto. Joto la mwili.

Hakumwambia. Bilonda alivipanga vipande sakafuni, ukingo kwa ukingo, mpaka kitenge kikarudia umbo lake. Katikati palibaki pengo la ukubwa wa kiganja.

Firimbi ya treni ikalia. Watoto wa Bilonda walikuwa peke yao stesheni.

"Tafuta, shemeji. Nitakungojea kwa mulango ya vagon." Akafunga vipande mgongoni kama mtoto, akakimbia.

Omer alitafuta chini ya sanduku, nyuma ya kabati, ndani ya majivu. Jua lilikuwa kali. Barabarani vijana walipita wakiimba nyimbo za kufukuza watu.

Kisha akasikia kikohozi chumbani.

Kikohozi cha Godelieve, kile cha siku zake za mwisho. Kikavu, kifupi, kikafuatwa na kumeza mate.

Hakuthubutu kusogea. Firimbi ya pili ikalia. Magurudumu yakasaga reli, polepole, kisha mbali. Kisha hakuna.

"Gode?"

Ndani ya beseni, vinyoka vyote viligeuza vichwa kuelekea mlango wa chumba.

Akausukuma.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Juu ya mto wa Godelieve palikuwa na kile kipande, kimekunjwa vizuri. Akakikunjua. Ndani mlikuwa na gamba jembamba, linalopitisha mwanga. Lakini vinyoka havikuwa vimejivua bado. Macho yao yote yalikuwa meupe.

Alilitandaza juu ya kiganja chake, taratibu, kama alivyozoea darasani. Lilikuwa na vidole vitano. Lilikuwa na mikunjo ya viungo. Kwenye kidole kimoja palikuwa na alama ya pete ya ndoa.

Akaligusa kwa ncha ya kidole. Lilikuwa bado na unyevu.

Mwanafunzi wake yeyote angeweza kumweleza maana yake: gamba likiwa bado bichi, aliyelivua hajaenda mbali.