Vitufe vya Rehana

"Weka vidole hapa, Rehana."

"Kwani lazima?"

"Lazima. Kibodi ni kama kiatu, hainunuliwi kwa mguu wa jirani."

Asadi alikuwa amepanga aina tatu za vifuniko vya vitufe juu ya meza ya duka lake la kutengeneza kompyuta, Mtwara mjini. Vya kwanza virefu, kila kimoja kina kibonde katikati. Vya pili vya wastani. Vya tatu vifupi, bapa, vimelingana kama sakafu, tena vya bluu ya kuvutia. Kibodi yenyewe aliiunda kwa mkono wake, swichi moja baada ya nyingine, kwa ajili ya huyu binti wa Mahurunga anayechapa nyaraka za korosho kwenye ofisi ya wakala wa forodha, jirani na bandari. Kilichobaki ni kuchagua umbo la vifuniko. Na Jumamosi wazee wa Asadi wangetoka Mikindani kupeleka posa kwa kina Rehana.

Ila Rehana mikono yote kaificha ndani ya mtandio.

Alikuwa na sababu. Utotoni alibangua korosho na mama yake, zile za kugonga kwa jiwe, na siku moja kwa haraka zake akazivamia bila kujipaka mikononi majivu ya kujikinga. Mafuta ya maganda yakamla ncha za vidole. Ngozi ilirudi, lakini ilirudi laini, haina mistari, haishiki kitu vizuri. Tangu amekua hakosi hina vidoleni, na watu wakasema binti huyu anajipenda. Mwenyewe aliamini kwamba siku Asadi akivishika vidole vile na kuvijua, posa itaishia njiani.

"Chagua wewe," alisema. "Ukipendacho nimekipenda."

"Wewe ndiye utakayechapa."

"Asadi, nachelewa kazini."

Hata bandarini hajafika, ujumbe ukaingia: "Nimekuudhi?"

Akajibu: "Hapana. Chagua tu."

Mwanamume akiambiwa chagua tu, atachagua kwa macho. Asadi akavalisha vile bapa vya bluu, na kesho yake asubuhi akampelekea kibodi ofisini, uso umejaa furaha.

Rehana akaanza kuchapa, vidole vikateleza. Juu ya vitufe bapa hakujua yuko wapi. Namba ya kontena ikatoka na sifuri isiyokuwa yake, waraka ukarudishwa, bosi akanuna. Akairejesha mezani ile kibodi ya zamani.

"Mbona mpya umeiweka pembeni?" aliuliza Saida, shoga yake wa meza ya pili.

"Inanitoa jasho."

"Mwambie mwenzio akubadilishie."

"Akiniuliza kwa nini?"

"Mwambie kwa nini."

"Saida, tufanye kazi."

Ndipo akaingia Amiri, karani wa ofisi ya jirani, kaimwagia kibodi yake chai, anaomba ya kuazima. Rehana akampa ile ya bluu. Alitaka tu isimkodolee macho.

Na Asadi naye, kwa bahati yake, mchana ule akaamua kumpelekea mchumba mihogo ya kukaanga. Kabla hajafika kwa Rehana, akaiona kibodi yake kupitia mlango wa jirani.

"Hiyo ni yako, kaka?"

"Kanipa Rehana," alijibu Amiri bila kuinua kichwa. "Aliyeitengeneza ni fundi kweli."

Asadi aliiacha mihogo pale pale kwa Amiri, akageuza. Jioni akapiga simu.

"Niambie ukweli. Amiri ni nani kwako?"

"Jirani wa ofisi. Kibodi yake iliingia chai."

"Na yangu ndiyo ya kugawa?"

"Asadi, nisikilize..."

"Nisikilize nini? Kuchagua hukutaka, kuchapia hukutaka. Kama ni mimi usiyenitaka, sema, niwaambie wazee wasifunge safari. Heri niaibike nyumbani kuliko wao waaibike ugenini."

"Nipe mpaka asubuhi."

"Asubuhi utasema nini ambacho leo hakisemeki?"

Simu ikakatwa. Rehana alilia, tusifichane. Akinyamaza, anampoteza. Akisema, huenda akampoteza vilevile. Lakini alimpenda, na akaona bora akataliwe kwa ukweli kuliko kwa Amiri.

Asubuhi alimkuta Asadi anafungua duka.

"Nipe kiganja chako," alimwambia, bila hata salamu. Akaweka ncha za vidole vyake juu yake. "Papasa."

Asadi akapapasa. "Vinateleza."

"Siku ile ya kusajili laini ya simu, mashine ilipogoma kusoma vidole vyangu, ulicheka, ukasema nina mikono ya malaika. Si malaika, ni mafuta ya korosho. Yaliniunguza nikiwa mdogo. Hina yote hii ni ya kuficha. Kwenye vitufe vyako bapa naogelea, sijui herufi iko wapi. Nikaona aibu kukwambia."

Asadi akavigeuza vile vidole kwenye mwanga.

"Kwa hiyo si Amiri?"

"Amiri ana mke wake, na kikombe cha chai bado kinamshinda."

Asadi alicheka mpaka akatafuta kiti. Kicheko kilipokwisha, akavifumbata vile vidole.

"Uliogopa nitaviona vibaya?"

"Ndiyo."

"Vidole hivi vimelisha nyumba yenu, Rehana, vibaya vyake viko wapi? Mbaya ni mimi, niliyechagua kwa macho kitu cha vidole."

Akachukua vile vifuniko virefu vyenye vibonde, akavivalisha kwenye kibodi ya majaribio. "Fumba macho."

Kidole cha shahada kikatua kibondeni, kikatulia. Kikahamia cha pili, kikatulia pia. Rehana akatabasamu macho kafumba.

"Vinanipokea."

"Basi andika ulichoshindwa kuniambia jana."

Akachapa, polepole, kisha mbio. Asadi akasoma kwenye skrini: "Wazee waondoke mapema. Njia ya Mahurunga ina mchanga, na mama hapendi ubwabwa upoe."

Mchana Rehana alipiga simu kwao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wageni wanakuja, hawaji?"

"Wanakuja."

Mama akashusha sauti. Miaka yote alijilaumu kwa yale majivu ambayo hakumpaka mwanawe. "Na vidole? Kavijua?"

"Kavijua, mama. Kasema vinataka virefu vyenye vibonde, si vile bapa."

Mama hakuelewa hata neno. Lakini alimsikia mwanawe anavyocheka, naye akacheka, akaenda kukamata jogoo wa wageni.